Subira si kunyamaza: Muislamu anapodhalilishwa dukani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao hadi siku ya malipo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo halitajwi sana mimbarini, ilhali linazigusa nyumba zetu kila siku. Zamani mzazi alimtuma mtoto kwa mwenye duka wa mtaani, ambaye aliijua familia kwa jina na kwa ukoo. Kukitokea kosa la mizani au la lugha, lilimalizwa barazani kabla ya magharibi. Leo hii unga, mafuta, sabuni na sare za watoto tunavinunua katika maduka makubwa yenye matawi katika kila mji wa Kenya. Mwenye mali hatumjui, wala yeye hatujui. Anapotudhulumu, tumwendee nani? Je, yafaa Muislamu alifikishe duka mahakamani, au wajibu wake ni kusubiri na kumwachia Mungu?

Swali hili sisi hatukulipata vitabuni. Lilitufika nyumbani.

Yaliyomfika mzazi wetu

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri. Mama yetu mzazi, mtu mzima aliyekwisha kuipita miaka sitini, aliingia katika tawi la duka moja kubwa kununua tende, unga wa ngano na maziwa ya kopo ya wajukuu. Alilipa, akapewa risiti yake. Alipofika mlangoni mashine ikalia. Mlinzi, naye ni mwanamume, hakuuliza risiti. Alimshika mkono, akaumwaga mkoba wake juu ya meza mbele ya watu waliopanga foleni, kisha akamwamuru afunue buibui ili kionekane alichokificha.

Mama alikataa, akaomba aitiwe mwanamke mwenzake. Alipelekwa katika chumba cha nyuma, akakalishwa huko karibu saa nzima, hata adhana ya magharibi ikamkuta humo. Hatimaye alikuja mfanyakazi wa kike, akampekua, asione kitu. Ndipo ilipobainika kwamba kibandiko cha usalama kilichokuwa katika kopo la maziwa, kopo ambalo Mama alikwisha kulilipia, hakikuondolewa na keshia. Meneja akamwambia anaweza kwenda zake. Neno la pole hakulitamka.

Tende zile Mama hakuzifuturia. Majirani wawili walikuwamo katika foleni ile, na kabla ya tarawehe kwisha habari ilikwisha kuenea mtaani kuwa amekamatwa dukani. Tangu usiku huo akaacha kuhudhuria darasa la wanawake msikitini, yeye ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kulikosa.

Tulipokutana kushauriana, rai zetu zilitofautiana. Kaka yetu mkubwa aliona tusubiri, kwani Mungu ndiye mlipaji. Mdogo wetu alitaka tudai mamilioni, ili kampuni ile ipate funzo. Wengine wakanong'ona kuwa dua la kuku halimpati mwewe. Tukaenda kwa Maalim wetu. Yeye hakutuuliza sisi, alimgeukia Mama kwa adabu akamwuliza, "Bi Mkubwa, wewe unataka nini?"

Mama akajibu, "Nataka waseme kuwa sikuiba. Na waseme mbele ya watu, kwa kuwa walinidhania mbele ya watu."

Dini yasemaje?

Maalim alitukumbusha kwamba subira ni ibada, lakini si kila kimya ni subira. Mtu huweza kunyamaza kwa woga au kwa uvivu, kisha akakipamba kimya chake kwa jina la subira. Katika Sura ya Ash-Shura, kuanzia aya ya 39 hadi ya 43, Mwenyezi Mungu anawataja miongoni mwa waumini wale ambao wanapofikwa na dhuluma hujitetea. Anabainisha kuwa malipo ya ubaya hayapasi kuuzidi ubaya wenyewe, kwamba mwenye kusamehe na kusuluhisha ujira wake uko kwa Mungu, na kwamba aliyejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama. Tazama, ndugu msomaji, jinsi milango yote miwili ilivyoachwa wazi: wa kudai na wa kusamehe. Lakini msamaha hutolewa na mwenye haki. Hakuna aliye na ruhusa ya kumsamehe dhalimu kwa niaba ya mama yake aliyeumia.

Aidha, imepokewa katika Sahih mbili za Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja aliyekuwa akimdai Mtume (S.A.W.) ngamia alikuja kudai kwa ukali. Masahaba walitaka kumwadhibu, Mtume akawazuia, akawafahamisha kuwa mwenye haki anayo nafasi ya kusema. Kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko aliyekuwa akimdai. Ikiwa Mtume wa Mungu alilisikiliza lalamiko la mdai mkali namna ile, itakuwaje meneja wa duka aone uzito kumsikiliza bibi kizee aliye na risiti mkononi?

Wako wanaouliza: je, inajuzu kudai haki katika mahakama isiyokuwa ya Kiislamu? Tunawakumbusha kisa cha Hilf al-Fudul. Mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, nchi ya Yemen, aliuza bidhaa zake Makka kwa al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikureshi, naye akazichukua akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea pale mjini. Alipanda mlima wa Abu Qubays akanadi kudhulumiwa kwake. Watu waungwana walikusanyika katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama pamoja na kila mwenye kudhulumiwa hadi apate haki yake, na yule mgeni akapata yake. Haya yalitokea kabla ya Utume, na Mtume wetu alihudhuria akiwa kijana. Baada ya Uislamu kuja alikisifu kiapo kile, akaeleza kuwa lau angeitwa tena kwa mfano wake angeitika. Mzizi wa mkutano ule wote, ndugu zangu, ulikuwa muuzaji na mnunuzi.

Sheria ya nchi yasemaje?

Hapa kwetu wengi hudhani kuwa shauri la Muislamu hupelekwa kwa Kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 170, imeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa hapo. Ugomvi wa mteja na duka haumo.

Hata hivyo Katiba hiyohiyo haikumwacha mteja bure. Kifungu cha 46 kinampa haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, kupewa maelezo anayoyahitaji, kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia anapopata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu, na cha 31 kinamlinda asipekuliwe kiholela mwili wake na mali yake. Ni kweli kwamba duka lina haki ya kujikinga na wezi. Lakini kumwomba mtu risiti kwa adabu ni jambo moja. Kumfunua stara yake, kumfungia chumbani na kumtangaza mwizi ni jambo jingine kabisa.

Yafaa pia tujue ni mlango upi unaobishwa kwa shauri lipi. Ikiwa umeuziwa friji isiyogandisha, au bei iliyoandikwa kwenye rafu si ile uliyotozwa kaunta, Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameidhamini bidhaa kwa ubora unaokubalika. Bango la kusema kwamba kilichouzwa hakirudishwi haliifuti dhamana hiyo. Madai ya bidhaa na huduma yasiyozidi shilingi 1,000,000 hupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Humo mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri limalizwe ndani ya siku 60. Vilevile, aliyedanganywa kuhusu bei au ubora anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Mamlaka ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010.

Lakini shauri la kuchafuliwa jina halipokewi na mahakama ile ndogo. Hilo hupelekwa kwa hakimu wa mahakama ya kawaida. Na muda nao ni hoja: kesi ya kuchafuliwa jina inapasa kufunguliwa ndani ya miezi 12, ya madhara mengine kama kuzuiliwa isivyo halali ndani ya miaka 3, na ya mkataba ndani ya miaka 6. Anayengoja hasira imshuke kwa miaka mingi huenda akakuta mlango umekwisha kufungwa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Ushahidi kwanza

Kanuni ya Kiislamu ni kwamba ushahidi uko juu ya mwenye kudai, na kiapo kiko juu ya mwenye kukana. Katika masimulizi mashuhuri ya historia yetu huelezwa kuwa Imam Ali (R.A.), akiwa Khalifa, aliiona deraya yake mikononi mwa mtu asiyekuwa Muislamu, akamshtaki kwa Kadhi Shurayh. Kadhi alidai mashahidi, akakataa ushahidi wa mwana kwa baba yake, na Khalifa akashindwa kesi. Ikiwa Amiri wa Waumini alitakiwa kuleta ushahidi, sisi ni nani tuingie mahakamani kwa machozi matupu?

Kwa hiyo usiku uleule, kabla kumbukumbu haijafifia, tuliandika kila kitu: siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na sura ya aliyeyasema. Risiti tulitoa nakala, kwa kuwa karatasi zile za mashine hufutika haraka. Tuliwaendea majirani wale wawili, na mmoja wao, Mungu amlipe kheri, alikubali kuwa shahidi. Mwingine aliona haya. Kesho yake tuliliandikia duka tukilitaka litunze picha za kamera za mlangoni, kwani picha hizo hufutwa kila baada ya muda. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zilizohifadhiwa, na picha yake ni miongoni mwa hizo. Baadaye ndipo ilipofuata barua ya madai kwa makao makuu ya kampuni, ikieleza kosa, tunachokitaka, na siku tulizowapa kujibu.

Usiongeze neno

Hapa tulifikwa na mtihani ambao hatukuutarajia. Mtu mmoja mwenye uzoefu wa mahakama alitunong'oneza kuwa fidia ingekuwa kubwa zaidi lau Mama angesema kwamba alizimia mle chumbani. Alituhakikishia kuwa karatasi ya daktari ingepatikana. Tunakiri kwamba baadhi yetu tulitikisika. Tuliutazama mwaka mzima wa karo ulio mbele yetu, tukatazamana.

Mama alipoelezwa akasema, "Walinishika nikiwa nimefunga, wakanisingizia. Mimi nami nifunge, niende kuwasingizia?" Maneno yakaishia hapo.

Mtume (S.A.W.) alitahadharisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba yeye ni binadamu, huletewa magomvi, na huenda mmoja akawa fasaha zaidi wa hoja kuliko mwenzake akapewa hukumu, basi aliyehukumiwa kupewa haki ya ndugu yake asidhani amepata mali, bali amekatiwa kipande cha moto. Hakimu huhukumu kwa anachokisikia. Hukumu ya mahakama haiigeuzi haramu kuwa halali, hata kama anayelipa ni kampuni tajiri. Vivyo hivyo kwa yule anayevaa nguo Idi mosi, kisha akairudisha dukani Idi pili akidai haikumwenea.

Jambo jingine la kupima ni gharama. Anayeshindwa kesi kwa kawaida huamriwa kumlipa mwenziwe gharama zake. Hivyo basi, asiyekuwa na ushahidi atafute kwanza njia nyepesi.

Ni fedha au ni heshima?

Huenda msomaji akauliza: je, mnyonge aliwahi kulishinda duka kubwa? Tunao mfano kutoka Marekani, ingawa wenyewe unahusu ajira. Mwaka 2008 binti wa Kiislamu, Samantha Elauf, akiwa na umri wa miaka 17, aliomba kazi katika duka la nguo la kampuni ya Abercrombie & Fitch mjini Tulsa, Oklahoma. Katika usaili alipata alama za kumwezesha kuajiriwa, lakini akakataliwa kwa sababu ya mtandio wake, kwamba haukuafiki taratibu za mavazi za kampuni. Tume ya serikali ya usawa katika ajira ilifungua kesi kwa niaba yake. Mwaka 2011 aliamuliwa kulipwa dola 20,000. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu ile. Na tarehe 1 Juni 2015 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ikampa ushindi. Mwishowe kampuni ililipa dola 25,670 za fidia na dola 18,983 za gharama za kesi.

Pima mwenyewe: miaka saba kwa dola 25,670. Anayetafuta utajiri hawezi kuistahimili njia hiyo. Lakini mabinti wengi waliokuja baada yake wameikuta njia imefyekwa. Hiyo ndiyo faida ambayo haihesabiki kwa dola.

Suluhu ni kheri

Katika shauri letu hatukufika kwenye hukumu. Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa la kiburi, la mistari mitatu. Wakili alipotayarisha hati za mashtaka na kuwatumia nakala, wakaomba mazungumzo. Katiba yetu, Kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze upatanishi, na Qur'ani katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 128, imekwisha kutufundisha kwamba suluhu ni kheri. Tukaketi.

Mama alipewa fidia ya kiasi, iliyotosha kumlipa wakili na kubakisha kidogo. Alitaka pia barua ya kuungama kosa, na alitaka mlangoni kuwe na mlinzi wa kike. Yote mawili yalikubaliwa. Katika mazungumzo hayo tulifahamu kwamba yule mlinzi alikuwa akikatwa mshahara kila bidhaa ilipopotea. Hilo halikumpa ruhusa ya kumdhalilisha mtu, lakini lilituonesha dhuluma ilikoanzia. Tukaongeza neno katika mapatano kuwa asifukuzwe kazi kwa sababu yetu.

Barua ile ilisomwa na Maalim baada ya darasa la wanawake, Mama akiwa amekaa mahali pake pa zamani. Je, kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa? La. Uvumi hukimbia mbio kuliko barua, na wapo wanaoikumbuka habari ya kukamatwa ambao hawakuisikia ya kusafishwa. Hata leo Mama akifika mlango wa duka hushika risiti mkononi kabla hajaulizwa. Lakini darasani amerejea.

Ndugu msomaji, usiifanye dini yako kuwa blanketi la kuifunika dhuluma, wala usiifanye mahakama kuwa shamba la kuvunia kisicho chako. Dai kilicho haki yako, kwa ushahidi, kwa adabu, na uuache mlango wa suluhu wazi. Nanyi wenye maduka, mkumbuke kwamba Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo. Na heshima ya mteja nayo ina kipimo chake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaodai kwa uadilifu na kulipa kwa uadilifu, awasitiri mama zetu, na atuepushe na dhuluma, ya kufanya na ya kufanyiwa. Amin.

Wabillahi taufiq.